Kopo la Dawa ya Kuku

Kuna watu Mungu amewapa moyo wa kusaidia, akasahau kuwapa breki. Luhende alikuwa mmoja wao, na Evelina aliijua shida hiyo kabla hajalijua jina lake.

Ilikuwa asubuhi pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, jua limeshaanza kuchoma na harufu ya dagaa imeingia mpaka kwenye nguo za watu. Wapagazi wanapiga kelele wapishwe, wanunuzi wanakanyagana. Evelina alikuwa amechuchumaa mbele ya lundo la dagaa wa kuku, kitenge chake cha zambarau kakipandisha kidogo kisichafuke, kilemba cha njano kichwani, anachekecha dagaa kwa mikono aone wamechanganywa na mchanga kiasi gani. Muuzaji anaapa hakuna mchanga. Evelina anamwonyesha mchanga. Muuzaji anaapa tena.

"Hao dagaa ukimpikia mtu atakukimbia," ilisema sauti nyuma yake.

"Si wa mtu. Ni wa kuku."

"Basi kuku watakukimbia."

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli ya buluu iliyopauka, bisibisi imechomekwa mfukoni kama kalamu ya mwalimu. Alikuwa amekuja kutengeneza friji la mama mmoja muuza barafu. Anacheka na watu wote kana kwamba soko zima ni la baba yake. Evelina alimsonya, akarudi kubishana na muuzaji. Alipomaliza na kunyanyuka, gunia lake halikuwepo.

"Gunia langu liko wapi?"

"Usijali dada, nimeshakupakilia," alisema yule kijana, anajipangusa mikono kwa kuridhika.

"Umenipakilia wapi?"

"Si kwenye guta lako lile pale."

"Mimi nina guta? Nimekwambia nina guta?"

Luhende aliangalia palipokuwa na guta. Hapakuwa na guta. Baiskeli ile ya mizigo ilikuwa imeshakata kona na mzigo wa mtu mwingine, pamoja na chakula cha kuku wa Evelina. Jamani! Alitimua mbio na bisibisi yake, watu wanamshangilia, na Evelina akabaki amesimama katikati ya soko mikono kiunoni. Kabla hajakimbia alikuwa ameiomba namba yake ya simu, na Evelina alimpa kwa sababu moja tu, apate mahali pa kumgombezea.

Mchana alifika nyumbani kwa Evelina, Buswelu, na gunia nyuma ya pikipiki, jasho linamtiririka, na samaki sato mmoja mnene kwenye mfuko, wa kuombea msamaha. Evelina alimgomba mpaka akachoka. Kisha akampikia yule sato.

Mapenzi yao yalianzia hapo, kama mapenzi ndiyo neno lake. Mchumba gani huyu anayekuja kukusalimia anaondoka amefungua bomba lako ambalo halikuwa na shida? Alipaka rangi mlango wa banda la kuku bila kuulizwa, rangi iliyobaki kwenye kazi ya mtu, mlango ukanata na kuku wakashinda ndani. Alibadilisha taa ya barazani akaweka kali, kuku wakadhani kumekucha, wakawika. Na kila jioni simu inalia.

"Mama kuku."

"Sema fundi."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Luhende, mimi si mtoto wa shule."

"Najua. Mtoto wa shule hawezi kuwa mzuri hivyo. Ulikula nini?"

"Ugali na mlenda. Umeridhika?"

"Sijaridhika mpaka nikuone."

Evelina alikuwa anakata simu huku anasonya, halafu anakaa kuitazama simu aone kama italia tena. Alijichukia kwa hilo. Mwanamke mzima, mwenye banda lake la kuku wa mayai, mwenye wateja mpaka Igoma, anasubiri simu ya mtu aliyemkwamishia mlango.

Lakini Evelina alikuwa na jambo, na jambo hilo lilikaa kwenye kopo.

Alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Alijua tangu alipokuwa anakaa Butimba, wakati ana mchumba aitwaye Nathaniel. Alimwambia Nathaniel jioni, Nathaniel akamkumbatia, akasema tutapambana pamoja, maneno matamu kabisa. Kesho yake asubuhi mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alimrudishia trei ya mayai mlangoni, anaishika kwa ncha za vidole, eti wajukuu hawapendi tena mayai. Virusi na mayai wapi na wapi? Evelina hakubishana naye. Aliuza kuku wake wote, akahamia Buswelu, akaanza upya, na akaapa kwamba mtu hatalijua tena jambo lake, hasa mwanaume mwenye maneno matamu.

Dawa alikuwa anameza vizuri. Kidonge kimoja kila jioni, akishafunga banda. Kliniki aliifuata upande wa pili wa mji asikutane na majirani. Akirudi, kile kichupa cha dawa kinachochezacheza na kupiga kelele kwenye mkoba alikuwa anakimwaga, anakichoma moto nyuma ya nyumba, na vidonge anavitia kwenye kopo la buluu lililoandikwa vitamini za kuku wa mayai. Kopo analiweka stoo, kwenye rafu ya dawa za kuku. Nani atakwenda kupekua dawa za kuku? Ilikuwa akili kubwa, na alijipongeza nayo muda mrefu.

Nesi wake, mzee Mayala, mwanaume mwenye miwani na subira iliyokaribia kuisha, alikuwa anamwimbia wimbo uleule kila akienda. "Evelina, kipimo chako kinaonyesha virusi havionekani kabisa. Ukiendelea hivi, humwambukizi mwenzako kitandani. Utaolewa, utazaa mtoto mzima. Sasa mwambie huyo kijana."

"Nitamwambia, baba."

"Ulisema hivyo mara iliyopita."

"Na mara hii nasema tena."

Luhende naye alikuwa amechoka kungoja. Siku moja, wamekaa barazani juu ya ndoo zilizopinduliwa wanasafisha mayai, alianza.

"Mama kule Usagara anakuulizia. Anasema huyo mwanamke wa kuku ni mtu au nimemtunga?"

"Mwambie subiri."

"Nimemwambia subiri mpaka neno lenyewe ananikatazia. Evelina, mimi nataka kukuoa. Twende tukamwone mama, twende kanisani, tupime kama anavyotaka mchungaji, tufunge ndoa. Tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuwa palepale, kwenye lile neno tupime. Evelina alishika yai akalifuta mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Kuku wanataga sasa hivi. Siwezi kuwaacha."

"Kuku wataacha kutaga lini?"

"Mimi nijue?"

"Na zile asubuhi unazopotea, simu umezima, zile nazo ni kuku?"

"Nafuata chanjo."

"Chanjo." Luhende aliangalia banda. "Hawa kuku watakuwa na afya kuliko mimi."

Hapo ndipo alipojifikisha, kila uongo wake ulikuwa na manyoya. Kila alipotaka kusema ukweli alimwona yule mama wa Butimba ameshika trei kwa ncha za vidole, ulimi unaganda.

Sasa ikatokea shangazi yake Teodora, anayekaa kulekule Butimba, kafanyiwa upasuaji wa jicho, hana wa kumpikia. Evelina alifunga vidonge vya siku za safari tu kwenye kipande cha gazeti, akavitia kwenye sidiria, akaondoka. Kuku alimwachia Luhende. Si kwamba alimwomba! Luhende alijitolea, na ukimkatalia anakuja hivyohivyo.

"Maji asubuhi na jioni, chakula nimeshapima, mayai uokote. Basi. Usitengeneze kitu chochote."

"Sitatengeneza."

"Luhende, niangalie. Chochote."

"Nimesikia, mpenzi. Nenda salama."

Evelina alikuwa anamkorogea shangazi uji simu ilipolia.

"Mama kuku, habari ya mgonjwa?"

"Anaendelea. Kuku je?"

"Walikuwa wanapiga chafya."

"Walikuwa?" Mwiko ulisimama. "Usiwape kitu. Narudi kesho, nitawaangalia mwenyewe."

"Wala usihangaike. Nimeshawapa dawa yao."

"Dawa gani?"

"Ile ya kwenye kopo la buluu. Nilishangaa mbona ni vidonge vikubwa hivyo, kuku atamezaje? Nikavitwanga kwenye kinu, nikakorogea kwenye maji. Wamekunywa hao! Mmoja alikuwa amezubaa, sasa hivi anakimbizana na wenzake."

Uji ulianza kuungua. Shangazi, jicho moja limefungwa bandeji, aliuliza kuna nini.

"Umetwanga vingapi?" Evelina aliuliza polepole sana.

"Vyote. Kuku ni wengi, mpenzi wangu, ningewabagua vipi?"

Evelina hakulia wala hakupiga kelele. Alikata simu, akazima jiko, akakaa chini jikoni, na kwa muda fulani alicheka kicheko kibaya ambacho shangazi hakukipenda hata kidogo. Dawa zake zote zilikuwa ndani ya matumbo ya kuku.

Alipofika Buswelu kesho yake, Luhende alikuwa amesimama mlangoni amenyoosha mikono kama mtu aliyerudi na kombe la mpira. Alikuwa amefagia uwanja. Alikuwa ametengeneza, bila shaka, bawaba ya dirisha.

"Waone walivyochangamka!"

"Nilikwambia nini?" Evelina alirusha mkoba chini. "Nilikwambia maji na chakula, basi! Nilikwambia kwa Kiswahili! Kwani masikio yako ni ya kuwekea kalamu?"

"Mpenzi, walikuwa wagonjwa..."

"Hawakuwa wagonjwa! Ni vumbi la pumba! Kuku akipiga chafya moja wewe unaita daktari, unaleta kinu! Nani alikutuma? Kuna mtu duniani aliwahi kukutuma kitu?"

"Nitakununulia nyingine."

"Huwezi!"

"Nitaweza. Ngoja."

Aliondoka na kopo tupu mbio mpaka duka la dawa za mifugo, akarudi na kopo jipya la buluu, anahema. Evelina alilifungua. Unga wa njano.

"Muuzaji ni tapeli yule," Luhende alisema. "Namwambia dawa hii ni vidonge, anasema hajawahi kuona vidonge vya vitamini ya kuku tangu azaliwe. Nikamwambia basi hujui kazi. Tumegombana mpaka watu wakatuamulia."

Hivi mtu unamfanyaje mtu wa namna hii? Evelina alimtazama na akasikia maneno yanakuja kooni, karibu kabisa kutoka. Badala yake alichukua trei za mayai, moja baada ya nyingine, akaanza kuyamwaga kwenye shimo la taka. Kama mayai yale yalikuwa na kitu au hayana hakuwa na wa kumuuliza, na hakuweza kumuuzia mtu mayai huku hajui. Sada, jirani yake, alichungulia juu ya ua.

"Heh! Evelina, mayai mazima hayo!"

"Yamekunywa dawa, da Sada."

"Uza tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Luhende aliona mayai yanapasuka shimoni na uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu Mwaloni, hakuwa na utani mdomoni.

"Kumbe ndivyo," alisema. "Unatupa mayai kwa hasira ya vitamini? Evelina, vitamini? Unatafuta sababu. Kama hunitaki, sema hunitaki. Kama kuna huyo unayemfuata asubuhi simu umezima, sema yupo. Usisingizie kuku."

"Hujui unachokisema."

"Basi niambie nijue!"

Alifungua mdomo. Yule mama, trei, ncha za vidole. Akaufunga.

"Haya," Luhende alisema, akapanda pikipiki yake. Aliondoka na kuacha koleo lake la kubania nati dirishani.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Evelina alifunga banda na hakuwa na cha kumeza.

Asubuhi na mapema alikuwa mbele ya nesi Mayala, ameinamisha kichwa kwa aibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Siku yako bado sana. Kuna nini?"

"Dawa zimekwisha."

"Zimekwishaje? Nilikupa za kutosha."

"Zimeliwa."

"Na nani?"

"Na kuku."

Nesi Mayala alivua miwani akaifuta kwa koti lake. Katika kazi ile alishasikia dawa zilizoanguka ziwani, zilizoibwa kwenye basi, zilizoliwa na panya na zilizosombwa na mvua wakati wa kiangazi. Lakini kuku hakuwahi kuwasikia.

"Evelina, nikuulize na unijibu ukweli. Unanenepesha kuku kwa dawa zetu?"

"Baba! Mimi?"

"Watu wana mambo."

Ikabidi amweleze yote, toka kopo mpaka kinu. Alipofika kwenye kinu nesi alikohoa, akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Evelina alidhani analia. Alikuwa anacheka, mzee mzima! Alipogeuka tena macho yalikuwa na machozi lakini sauti ilikuwa kali.

"Nitakupa nyingine, na utameza sasa hivi mbele yangu. Lakini sikiliza. Huyo kijana hana kosa. Amekuta kopo limeandikwa dawa ya kuku, akawapa kuku. Wewe ndiye ulimfundisha kwamba maisha yako ni chakula cha kuku. Mwambie."

"Akinikimbia?"

"Si ameshakimbia?"

Alimeza kidonge kwa maji ya kikombe cha plastiki. Nesi alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Luhende alipiga simu alasiri, sauti kavu kabisa.

"Nakuja kuchukua koleo langu."

"Njoo."

Alikuja. Hakusema mama kuku, hakumuuliza amekula nini. Evelina alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile zuri, kwa sababu aliona kama anakwenda kuachwa basi aachwe akiwa amependeza. Alimkalisha juu ya ndoo, akakaa kwenye ndoo nyingine, mbali kidogo.

"Zile dawa hazikuwa za kuku," alisema. "Zilikuwa zangu."

Luhende alikunja uso. "Wewe unakula vitamini za kuku?"

"Mungu wangu! Hapana!"

"Maana nilisikia wapo wanaokula ili wanenepe..."

"Luhende! Nyamaza! Ni ARV! Ni dawa za kufubaza virusi! Ninaishi na virusi vya UKIMWI, nameza kila jioni, nina afya, na nilizificha kwenye kopo la kuku ili watu kama wewe wasizione, na wewe, katika watu wote wa Mwanza, ukaenda kuzitwanga!"

Alikuwa amesimama, anapiga kelele. Alikuwa ameliwaza jambo hili kwa machozi na sauti ya chini, na sasa amelitoa kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Kuku wote walinyamaza.

Luhende alishika ukingo wa ndoo.

"Kwa hiyo kuku..." alianza.

"Usiniulize habari za kuku!"

"Na zile asubuhi..."

"Kliniki. Kule ng'ambo ya mji, kwa nesi Mayala. Hakuna mwanaume mwingine. Wewe mmoja unanitosha mpaka umenizidi."

Evelina alisubiri Luhende acheke. Hakucheka. Aliangalia mikono yake, ile iliyotwanga, akaigeuza.

"Jana ulimeza nini?" aliuliza.

"Jana sikumeza."

Alishtuka kana kwamba amepigwa. Akasimama, akasema, "Naomba nitembee kidogo," akaenda. Koleo lilibaki dirishani.

Sasa jamani, huyu mtu aliyekuwa anapiga simu kuuliza kama umekula mlenda au mchicha, huyuhuyu akanyamaza kimya. Siku ya kwanza Evelina alimwonea huruma. Siku ya pili alimkasirikia. Iliyofuata aliogopa, akawa anasimama karibu na ua anamsikiliza Sada anapoongea na simu, anatafuta jina lake mwenyewe katika kila sentensi. Wateja walipokuja kuuliza mayai aliwaambia bado hauzi, akatazama vidole vyao. Kila alipolifikia koleo alitaka kulitupa shimoni kama mayai, na kila mara alilifuta vumbi akalirudisha. Alimpenda. Alimpenda kwa hasira, lakini alimpenda, na kama Nathaniel wa pili alikuwa ameshazaliwa huko mjini basi hakujua atahamia wapi tena.

Ndipo simu ikalia. Aliyepiga hakuwa Luhende.

"Evelina," alisema nesi Mayala, amechoka kabisa, "njoo umchukue mtu wako."

"Mtu wangu nani, baba?"

"Wa kinu. Mimi sijamwambia lolote juu yako, yeye ndiye amekuja anakutaja. Kapima. Kaniuliza maswali mpaka foleni nzima imelalamika. Nikamwambia kaa nje nimalizane na wagonjwa. Kakaa, kasikia friji letu la soda linanguruma, kalifungua."

"Kwani lilikuwa bovu?"

"Lilikuwa na kelele kidogo. Sasa halina kelele hata kidogo, wala baridi."

Alimkuta nje ya kliniki amepiga magoti mbele ya friji, vipande vimezagaa, watu wanamruka. Alipomwona, alifuta mikono kwenye ovaroli. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama kuku."

Hilo neno tu, na Evelina akavuka vipande vile akasimama mbele yake.

"Ulikuwa wapi?" alisema. "Simu yako ina ugonjwa gani?"

"Siku ya kwanza nilikasirika. Niliona kuku wamejua mambo yako kabla yangu. Siku ya pili niliogopa. Nilinawa mikono, nikanawa tena, nikajiona mjinga, nikalia bafuni. Sikutaka nije kwako nikiwa na uoga, ungeuona. Nikasema niulize kwanza kwa wanaojua."

"Umeambiwa nini?"

"Kwamba sina virusi. Na kwamba kile kidonge kimoja kina dawa tatu ndani yake, kila moja inavizuia virusi mahali pake. Kama friji. Gesi peke yake haigandishi, kompresa peke yake haigandishi. Na ukiruka siku, ukaruka tena, vinapata mwanya, vinaizoea dawa." Aliokota skrubu chini. "Mimi nilikutwangia zote, Evelina. Nilitwanga nikiimba. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Evelina alitaka kumwambia kitu kitamu, lakini alikuwa na hasira za siku nyingi ambazo hazikuwa tayari kwenda nyumbani.

"Nani alikwambia ufungue friji la watu?"

"Lilikuwa linanguruma."

"Lirudishe!"

"Nalirudisha."

"Na ulimwambia nani?"

"Kuhusu friji?"

"Kuhusu mimi, Luhende!"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningemwambia nani? Hilo ni lako la kusema. Mimi hata mama sijamwambia."

Nesi Mayala alitoa kichwa dirishani. "Mkimaliza kugombana ingieni nizungumze nanyi wote wawili. Na soda zangu ziwe baridi kabla ya saa ya chakula."

Waliingia wote wawili. Friji halikupona siku ile.

Jumamosi iliyofuata Evelina alirudi kutoka Mwaloni akasikia nyundo ndani ya nyumba yake. Ndani! Aliacha gunia getini akaingia mbio. Luhende alikuwa amepigilia rafu ukutani, sebuleni, usawa wa macho, hatua chache kutoka meza ya chakula. Juu yake aliweka majani ya chai, sukari, na nafasi tupu katikati.

"Nani alikutuma?" Evelina aliuliza.

"Hakuna."

"Imepinda."

"Imepinda kidogo."

"Majani ya chai yatateleza."

"Nitaweka ubao mdogo mbele." Alishuka kwenye kiti, nyundo mkononi. "Nimeona mambo ya kuku yabaki stoo na ya watu yakae ndani. Ukitaka nitaing'oa. Ukitaka uweke kitambaa mbele, wageni wasione, nitaweka kitambaa. Ukuta ni wako."

Evelina aliitazama ile nafasi tupu. Kisha alikwenda stoo akaleta kichupa cha kliniki, kile cha mwisho alichopewa, ambacho hakuwa amekichoma. Alikiweka katikati ya chai na sukari. Kwa sababu ya rafu kupinda kilijisogeza kidogo, kikaegemea sukari, kikatulia.

"Jumapili twende Usagara?" Luhende aliuliza nyuma yake, taratibu.

"Twende. Nitamweleza mama yako mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na wewe usinisaidie."

"Sitakusaidia."

"Hata neno moja."

"Hata moja, mke wangu."

"Bado."

"Hata moja, mke wangu bado."

Alicheka bila kutaka, akatoka kwenda kufunga banda. Jua lilikuwa linashuka na Sada alikuwa upande wa pili wa ua anaanua nguo. Ndipo sauti ya yule mtu asiye na breki ikatoka dirishani, kubwa kama ya kondakta.

"Evelinaaa! Umekunywa?"

Kuku walishtuka. Evelina alifumba macho. Angemuua. Angemuua kabla ya Usagara, angemzika karibu na shimo la mayai.

"Nimekunywa!" alijibu kwa kelele ileile. "Nimekunywa na maji! Niache nifunge kuku!"

Sada alisimama na kanga mkononi. "Umekunywa nini tena, shoga? Unaumwa?"

Evelina alishika komeo la banda. Uongo ulikuwepo, tayari, na manyoya yake. Alilisukuma komeo mpaka mwisho.

"Siumwi, da Sada. Nimekunywa dawa zangu. Nina virusi, nameza ARV kila jioni."

Sada alimtazama. Alikunja kanga mara mbili, akaiweka juu ya nyingine.

"Haya," alisema. "Na mayai umeshaanza kuuza tena? Nataka trei moja ya kesho."